Taa ya bafuni ijiwashe yenyewe: sensa ipi uchukue, uifunge wapi, waya zikaeje

Tuanze na kitu ambacho muuza duka hatokwambia, sensa ya bafuni haitakupunguzia LUKU kiasi cha kushangilia. Piga hesabu mwenyewe: balbu ya LED ya wati 9 ikisahaulika inawaka usiku kucha, tuseme masaa 11, inakula kama uniti 0.1 tu, ukisahau kila siku mwezi mzima ni uniti 3 hivi. Na sensa nayo ina umeme wake inakula masaa 24, maana jicho lazima likeshe hata kama hamna mtu, nyingi zimeandikwa wati 0.5, kwa mwezi hiyo ni uniti 0.36. Toa kwenye ile tatu uone umebakiwa na nini. Labda uwe unaishi nyumba ya wapangaji, bafu moja, LUKU ya kuchangia, na balbu bado ni ile ya zamani ya nyuzi ya wati 60, hiyo ikilala inawaka kila siku inakaribia uniti 20 kwa mwezi na ugomvi juu, hapo sawa, ila hata hapo cha kwanza kubadilisha ni balbu, sensa ifuate.

Sababu ya kuweka sensa bafuni ni nyingine kabisa, ni mikono yenye maji na swichi. Mtu ametoka kutia udhu alfajiri, maji yanachuruzika kwenye viwiko, anaenda kubonyeza swichi ya volti 230. Au bibi ameamka saa 8 usiku anapapasa ukuta wa korido gizani, au mtoto wa miaka minne ambae swichi haifikii kwaiyo kila akitaka kwenda lazima akuamshe wewe. Kama kwenye nyumba yako kuna mmoja wa hao basi sensa inakufaa, hata isipookoa uniti moja.

Na lingine la kujua kabla hujatoa hela: kuunga waya ndo sehemu rahisi. Waya ni tatu tu. Sensa za bafuni zinazolaumiwa kwamba ni feki mara nyingi hazina shida yoyote, shida ni kwamba jicho limewekwa mahali ambapo halimwoni mtu. Umekaa chooni umetulia zako, taa inazima puu, unaanza kupunga mikono gizani kama konda anaita abiria. Kwaiyo tutakaa sana kwenye jicho.

Jicho linaona nini

Madukani utakutana na aina mbili. Ya kwanza inaitwa PIR, ndo ile yenye kikuba cheupe cha plastiki chenye vijidirisha vidogo vidogo. Hii yenyewe hairushi kitu, inasubiri joto. Mwili wa mtu unatoa mionzi ya joto, na vile vijidirisha vinakigawa chumba vipande vipande, ukitoka kipande hiki ukaingia kile sensa inaona joto limehama, inawasha. Sasa elewa hapo vizuri maana kila kitu kinatoka hapo. Ukikatiza mbele yake inakuona haraka kuliko ukija umeinyookea. Ukitulia tuli, kwake wewe haupo. Na mionzi hiyo ya joto haipiti kwenye kioo cha kawaida, pazia la plastiki la bafu nalo linaizuia, kwaiyo ukishavuta pazia ukaanza kuoga sensa inajua umeshatoka.

Kuna na jambo la joto letu la pwani. Ukiangalia boksi utakuta wameandika mita 6, au 12 kwa zile za ukutani za nje, alafu pembeni kwa maandishi madogo wanasema hiyo ni kwenye joto chini ya nyuzi 24. Dar mwezi wa pili bafuni nyuzi 24 unaitoa wapi? Kadri hewa na kuta zinavyokaribia joto la ngozi yako ndivyo jicho linavyopata tabu kukutofautisha wewe na ukuta. Bafu zetu nyingi ni ndogo, mita 2 kwa 1.5, kwaiyo kupungua huko hakukuumizi sana, ila usinunue sensa ya kuona umbali mfupi wa kubana bana eti kwa sababu bafu ni dogo.

Aina ya pili ni ya rada, wengine wanaita maikrowevu. Hii inarusha mawimbi, mara nyingi ya 5.8 GHz, yanagonga vitu yanarudi, kitu kikisogea inajua. Haijali joto, inapita pazia, inapita kioo, na inaona hata misogeo midogo, mtu aliyekaa anabofya simu chooni inamwona. Uzuri wake huo huo ndo ubaya wake, maana inapita mpaka mlango wa plaiwudi na siling ya jipsam. Mtu akipita koridoni taa ya bafuni inawaka. Feni ikizunguka inawaka. Maji yakishuka kwenye bomba la plastiki lililopita karibu inaweza kuwaka. Na kama una panya darini, basi usiku kucha utaona mstari wa mwanga chini ya mlango wa bafu unakuja unaondoka, watu wanaanza kuulizana nani kaingia. Ukuta wa tofali na zege ndo unaipunguza nguvu, plaiwudi hapana.

Kwaiyo chagua hivi. Bafu halina pazia wala kioo, choo na shawa vimo humo humo, ukisimama kona yoyote unaonekana: chukua PIR, imetulia na haina mambo mengi. Bafu lina kizuizi cha kioo au pazia na hamna namna jicho moja likaona pande zote mbili: chukua rada, hakikisha ina kitufe cha kupunguza nguvu. Kuna zile zenye zote mbili kwa pamoja, nzuri, ila bei yake kwa taa moja ya bafuni mi naona ni kujisumbua.

Swichi yako iko nje ya mlango

Hapa wengi wanapotea. Kuna sensa za kubadilisha swichi ya ukutani, unatoa swichi unaweka sensa kwenye boksi lile lile, na kwenye video za wazungu inaonekana kazi ya dakika kumi. Sasa nyumba nyingi za kwetu swichi ya bafu iko nje, koridoni, pembeni ya mlango. Na ni sahihi kabisa iwe nje, ndo usalama wenyewe. Lakini ukibandika jicho pale litakuwa linaangalia korido, mtu akipita kwenda chumbani taa ya bafuni inawaka, na wewe uliye ndani halikuoni hata kidogo.

Tatizo la pili ni nyutro, yaani ule waya usio wa moto unaokamilisha njia ya umeme. Kwenye boksi la swichi fundi aliyefanya waya alipeleka waya mbili, moto unaoingia na moto unaorudi kwenye taa. Nyutro ilienda moja kwa moja kwenye holda, swichini haikufika. Na usidanganywe na rangi, utafungua boksi ukute nyekundu na nyeusi ukajua nyeusi ndo nyutro, kumbe fundi alitumia nyeusi kama waya wa kurudi kwa sababu ndo aliokuwa nao siku hiyo. Ukiunga sensa ukaamini ile ni nyutro hupati unachotaka, na ukibahatisha zaidi unapata shoti.

Wauzaji watakwambia zipo sensa za waya mbili zisizotaka nyutro. Zipo kweli, zinajipatia umeme wake kwa kupitisha kidogo kwenye balbu yenyewe. Enzi za balbu za nyuzi ilikuwa haina neno, sasa hivi kwenye LED ya wati 5 au 9 ule umeme mdogo unaopita unatosha kuifanya iwe inameta meta usiku kucha, au inabaki na ka mwanga hafifu haizimi moja kwa moja. Utaambiwa uweke kapasita. Achana nayo, nunua ya waya tatu ufunge juu, kwenye siling, ambapo nyutro ipo tayari kwenye taa.

Njia za mkato, kama hutaki kugusa waya

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa siling ana njia mbili. Kuna taa za kubandika, ndefu kama rula, ndani zina betri ya kuchaji kwa USB na sensa ya PIR, zinashika kwa sumaku. Bandika juu ya mlango kwa ndani, mbali na maji yanaporuka, chaji ikiisha unaichomoa. Kwa matumizi ya usiku zinatosha sana, mwanga wake ni mdogo na kwa mtu aliyetoka usingizini huo ndo unaotakiwa, haukuchomi macho.

Nyingine ni balbu yenye sensa ndani. Unatoa balbu yako unaweka hii, umemaliza. Angalia tu holda yako ni ya pini au ya kuzungusha, yaani B22 au E27, maana nyumba moja unaweza kukuta zote mbili. Na angalia taa yako ina kifuniko gani. Kama balbu inakaa ndani ya kile kibakuli cha kioo, balbu ya PIR itakuwa kipofu humo, chukua ya rada. Shida kubwa ya balbu hizi ni muda, nyingi zimepangwa kiwandani kuzima baada ya sekunde 30 mpaka 90 na hamna pa kubadilisha. Stoo sawa, ngazi sawa. Bafuni sekunde 30 hata sabuni hujapaka.

Pa kuliweka jicho

Kabla ya kununua ingia bafuni na kiti, funga mlango, alafu angalia juu. Jiulize: kutoka sehemu gani ya siling naweza kumwona mtu anaefungua mlango, mtu aliyekaa chooni, na mtu aliye chini ya shawa? Kwenye bafu la kawaida la mstatili jibu mara nyingi ni siling ya upande wa mlango, hatua moja ndani, na wala sio katikati pale ilipo taa. Ukiweka hapo mtu akisukuma tu mlango akaweka mguu ameshaonekana, na anapoingia anakatiza vile vipande vya jicho badala ya kuvinyookea. Angalia pia mlango unafungukia wapi, kama unafungukia ndani ukabaki wazi usije ukaziba jicho.

Alafu angalia jicho lisione nje. Mlango ukiachwa wazi, sensa ya siling itamwona kila anaepita koridoni. Dawa yake ni rahisi mno, kata kipande kidogo cha tepu nyeusi ya umeme ubandike kwenye kikuba upande unaotazama mlango, kidogo kidogo, unajaribu, unaongeza. Zingine zinakuja na kifuniko chao cha kukata kwa mkasi. Ila ukizidisha ndo unarudi kwenye kupunga mikono.

Umbali na maji. Kanuni za kimataifa za umeme bafuni, IEC 60364 sehemu ya 701, zinagawa bafu kwa maeneo. Kwa shawa isiyo na trei, na bafu zetu nyingi ndo hivyo maji yanamwagika sakafuni, eneo la hatari linahesabiwa mita 1.2 kuzunguka kichwa cha shawa, kutoka sakafuni mpaka mita 2.25 kwenda juu, na kama kichwa chenyewe kimefungwa juu zaidi ya hapo basi mpaka hapo kilipo. Humo ndani kifaa kinatakiwa kiwe kinavumilia maji kuruka, kimeandikwa angalau IPX4. Siling ya mita 2.4 au 2.7 iko juu ya mstari huo, kwaiyo kwa sheria upo salama, lakini mvuke haujui sheria. Ukiwa na ile shawa ya umeme ya papo kwa papo usiweke sensa juu yake, mvuke wa moto unapanda, PIR inaona joto linatembea inawaka hovyo, na maji yanaganda kwenye kikuba. Isogeze kwa mlango, na chukua ya IP44 kwenda juu hata kama muuzaji anasema ya ndani hamna haja.

Choo cha nje uani nacho ni hivyo hivyo ila jicho lisiangalie njia ya paka na kuku wala miti inayotikiswa na upepo, na lisitazamane na jua la asubuhi. Kwa uani taa ya sola yenye sensa juu ya mlango inamaliza kazi bila waya hata moja, mradi paneli ipate jua mchana.

Waya sasa

Kwanza niseme, kama hujawahi kushika waya za nyumba, ita fundi mwenye leseni, Tanzania leseni hizo zinatolewa na EWURA, Kenya ni EPRA. Soma tu hapa ili ujue anachofanya na umwambie sensa aiweke wapi, maana ukimwachia atachagua palipo rahisi kwake.

Kuzima swichi sio kuzima umeme. Kuna nyumba ambazo swichi ilifungwa kwenye nyutro badala ya moto, taa inazima vizuri tu lakini holda bado ina moto unakusubiri. Nenda kwenye meni swichi, zima breka ya taa, na kama breka hazijaandikwa zima zote. Chukua testa, iguse kwanza kwenye soketi yenye umeme uhakikishe testa yenyewe ni nzima, alafu ndo ukaguse waya za taa. Testa mbovu ni mbaya kuliko kukosa testa, inakwambia hamna moto na wewe unaamini. Ukiwa hapo kwenye meni swichi angalia pia kama una RCD ya miliampia 30, yaani breka inayokata umeme ukivuja, bonyeza kitufe chake cha T, kama haikatiki au haipo kabisa, hela ya kwanza iende huko, sensa itasubiri.

Fungua holda ya siling. Utakuta moto unaotoka swichini (nitauita wa kurudi), nyutro, na kama una bahati ethi ya kijani na njano. Nyumba za zamani moto ni nyekundu na nyutro nyeusi, za karibuni kahawia na bluu, na mafundi wetu wanachanganya kwaiyo hakikisha kwa testa: rudisha umeme kidogo bila kushika waya, angalia upi una moto, zima tena upime, alafu andika kwa kipande cha tepu upi ni upi.

Sensa ina waya tatu au matundu matatu: L, N, na ya tatu inayoenda kwenye taa, wameiweka mshale au L yenye alama pembeni au A. Kwenye sensa nyingi za waya rangi zake ni kahawia kwa moto unaoingia, bluu nyutro, na NYEKUNDU ndo inayoenda kwenye taa. Umeona mtego? Nyumba yako nyekundu ni moto, fundi akiona nyekundu na nyekundu anaziunga pamoja, sensa inakosa umeme wake, haifanyi kazi, inarudishwa dukani na maneno makali. Fuata mchoro ulio mgongoni mwa sensa, sio rangi.

Muungo wenyewe: waya wa kurudi uutoe kwenye holda uupeleke kwenye L ya sensa. Nyutro ya nyumba iunge sehemu moja na N ya sensa na waya wa nyutro unaoenda kwenye holda, hizo tatu zinakaa pamoja kwenye konekta moja. Ile ya tatu ya sensa ipeleke kwenye holda kushika nafasi ya waya uliotoa. Kama holda ni ya kuzungusha, huo wa moto uguse kile kilimi cha chini katikati, nyutro ndo iguse zile nyuzi za pembeni, ili hata mtu akishika kitako cha balbu wakati anaitoa asiguse moto. Waya wa 1.5 (unene wa milimita za mraba) unatosha. Tumia konekta za skrubu, kaza, vuta kila waya uone kama unatoka, usisokote waya ukafunga solotepu ukasema imeisha, mvuke wa bafuni unailegeza ile gundi.

Ethi kama taa au sensa ina chuma iunge, kama zote plastiki ifunge mwisho wake uiache salama, usiikate.

Umeme wa sensa usiudake kwenye waya wa shawa hata kama umepita karibu na unakuomba. Shawa ina waya mnene na breka yake kubwa, ukiunga waya wa 1.5 pale ukatokea hitilafu waya utaungua kabla breka haijashtuka.

Ukifunga hivi nilivyosema, swichi ya koridoni inabaki kama swichi kuu ya sensa, ikizimwa sensa inalala. Inatakiwa iachwe imewashwa daima, na mgeni ataizima, hilo ni hakika, amelelewa hivyo kwamba ukitoka bafuni unazima taa. Bandika kifuniko au karatasi juu yake. Kuna wanaofunga swichi ya pili ya kuruka sensa ili taa iwake moja kwa moja siku ya usafi, nzuri, ila inataka moto wa kudumu ufike juu na swichi ya ziada, mwambie fundi mapema wakati siling iko wazi.

Vile vitufe vitatu

Rudisha umeme. Taa itawaka yenyewe bila mtu, nusu dakika mpaka dakika moja hivi alafu izime, usishtuke, jicho linajipasha. Kila umeme ukikatika na kurudi itafanya hivyo, wajulishe watu wa nyumbani wasije wakasema bafu lina mashetani.

Pembeni ya sensa kuna vitufe vya kuzungusha kwa bisibisi ndogo. TIME ni muda wa kukaa inawaka, inaanzia kwenye sekunde 10 hivi mpaka dakika 7 au 8. LUX ni giza kiasi gani ndo ianze kufanya kazi, ina alama ya jua na mwezi. SENS ni ukali wa jicho, sio zote zinayo.

Wakati wa kujaribu weka TIME chini kabisa na LUX kwenye jua ili ifanye kazi hata mchana. Toka, funga mlango, isubiri izime, ingia kama mtu wa kawaida, sio kwa kunyata. Imewaka ukiwa mlangoni? Kaa chooni, tulia, izime, alafu sogeza mkono tu kama mtu anaechukua karatasi, uone inakuona au la. Simama kwenye shawa, vuta pazia, fanya hivyo hivyo. Kama pande zote zimekubali ndo ukaze skrubu za mwisho, na kama kuna kona imekataa hamisha sensa sasa hivi wakati bado inaning'inia, usijipe moyo.

Baada ya hapo TIME ipeleke dakika 5 kwenda juu. Bafuni muda mfupi ndo chanzo cha kelele zote, na kila ukisogea hesabu inaanza upya kwaiyo kuweka dakika 5 hakukupotezei kitu. LUX kama bafu halina dirisha iache kwenye jua. Kama lina dirisha zungusha kuelekea mwezi kidogo kidogo jioni, jua likiwa linazama, pale unapoona mwenyewe kwamba sasa nataka taa ndo uache. Ukiipeleka mwezi kabisa itasubiri giza totoro.

Balbu weka LED. Zile za enaji seva za kujikunja hazipendi kuwashwa na kuzimwa mara nyingi, zinakufa haraka kwenye sensa. Na ukiweza chukua ya mwanga wa njano, 3000K, badala ya ile nyeupe kali ya 6500K iliyojaa madukani, bibi wa saa 8 usiku atakushukuru.

Ikigoma

Inawaka inazima inawaka inazima yenyewe: balbu iko karibu mno na jicho, mwanga au joto lake linaichanganya, zitenganishe, au LUX imekaa pale pale mpakani, isogeze.

Haizimi kabisa: kama ni PIR kuna kitu cha joto kinatembea mbele yake, mvuke, feni, pazia linalopigwa na upepo wa dirishani na jua juu yake. Kama ni rada punguza SENS kwanza kabla hujamlaumu mtu. Kama ukizima breka ukawasha bado haizimi na bafuni hamna kitu, kagua muungo, inawezekana waya wa kurudi na wa taa vimeshikana kwenye konekta moja, sensa imerukwa.

Haiwaki mchana tu: LUX. Haiwaki kabisa: mgeni amezima swichi ya koridoni, angalia huko kabla hujapanda ngazi.

Na kama ilikuwa inakuona vizuri alafu taratibu imeanza kuchelewa, panda uangalie kikuba. Mvuke na sabuni vinaacha utando, buibui anapenda pale, na ukipuliza dawa ya mbu inabaki juu yake. Futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, zima breka kwanza, usitumie Jik wala tina maana plastiki yake inafubaa na ikishafubaa haioni tena. Na siku unaita mtu wa rangi apige siling, ifunike sensa kwa nailoni mwenyewe, usimwachie, yeye brashi yake haichagui.